Kuzaliwa Uswahilini Hakutoshi: Jinsi ya Kujiandaa kwa Mahojiano ya OPI ya Kiswahili

Kila mwaka ikikaribia miezi ya Juni na Julai, simu yangu haipumziki. Wanaopiga ni walimu wa Tanzania na Kenya waliopata nafasi ya kwenda kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani, pamoja na Wakongo na Warundi waliokwisha hamia huko na sasa wanatafuta kazi ya ualimu au ukalimani. Wote wameambiwa walete matokeo ya OPI, yaani mtihani wa Kimarekani wa kupima unavyozungumza lugha, na wote wanauliza yale yale. "Hivi mimi niliyezaliwa Pangani, nani wa kunipima Kiswahili?" "Wataniuliza ngeli?" "Nisome kitabu gani?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja usiku wa manane, kwa hiyo majibu nayaweka hapa mara moja.

Tuanze na huyo wa Pangani. OPI haina habari na kitovu chako kilipozikwa. Inapima maneno yatakayokutoka kinywani katika dakika 20 hadi 30, na baada ya hapo mlango umefungwa. Nina mwenzangu aliyefundisha fasihi sekondari miaka mingi, mtu ambaye ukimpa kipaza sauti kwenye harusi hakirudi. Matokeo yake yalikuja chini ya alivyotarajia. Nilipomuuliza alijibuje, akaniambia alijibu "kwa adabu": kila swali sentensi moja, mbili, kisha kimya, akimsubiri mkubwa aendelee. Mtahini hawezi kupima usichokisema. Ukibaki na neno hilo moja tu kutoka kwenye mwongozo huu, umeshaokoa nusu ya safari.

Nadharia kidogo, halafu tuingie kazini

OPI, kwa kirefu Oral Proficiency Interview, ni mahojiano ya moja kwa moja kati yako na mtahini, mara nyingi kwa simu, ya kupima umilisi wa kuzungumza. Yametengenezwa na ACTFL, chama cha walimu wa lugha za kigeni cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1967, mwaka ule ule Tanzania ilipounda BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa. Usichanganye kazi zao. BAKITA inakilinda na kukikuza Kiswahili. ACTFL haina lugha yake ya kulinda. Kinachoishughulisha ni namna ya kufundisha lugha yoyote na namna ya kumpima mwanafunzi bila kumwonea. Kuandikisha watahiniwa na kuendesha mitihani yenyewe ni kazi ya kampuni ya Language Testing International, ambayo watu huiita LTI.

Kipimo chenyewe kimo katika Miongozo ya Umilisi iliyotoka mwaka 1986 na kurekebishwa mara kadhaa, mara ya karibuni mwaka 2024. Ni mtoto wa kipimo cha zamani cha wanadiplomasia wa Marekani, kile cha 0 hadi 5 kilichoanza miaka ya 1950. Kwenye cheti utakuta majina Novice, Intermediate, Advanced, Superior na Distinguished. Hapa nitasema Mwanzo, Kati, Stadi, Mahiri na Mbobezi.

Chukua mfano wa soko la Kariakoo. Mtu wa Mwanzo anataja vitu: embe, ndizi, bei gani, asante. Wa Kati anatunga sentensi zake mwenyewe, ananunua, anauliza, anajibu. Stadi anakusimulia kwa aya nzima jinsi alivyoibiwa pochi sokoni juzi, alivyomkimbiza mwizi na alivyorudi nyumbani bila nauli. Mahiri anajadili kama ni haki kuwaondoa machinga barabarani, anatetea msimamo wake, anamjibu anayempinga na anakisia yatakayofuata. Mbobezi ni mambo mengine. OPI inaishia Mahiri.

Mwanzo, Kati na Stadi kila moja imegawanywa mara tatu: chini, katikati na juu. Mahiri haigawanywi. Ielewe hiyo "juu" vizuri. Stadi ya juu ni mtu anayefanya kazi za Mahiri mara nyingi, ila hazimudu muda wote. Mahali fulani alijikwaa. Wazawa wengi wa Kiswahili wanaonipigia simu kwa uchungu wameishia hapo au hatua moja chini yake.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Maandishi kutoka kwa anayekutaka ufanye mtihani, yanayotaja ngazi unayotakiwa kufikia.
- Kitambulisho chenye picha, na jina lake liwe lile lile utakalojiandikishia. Sisi tuna mchezo wa Juma Ali Hamisi shuleni, Hamisi Juma kwenye pasipoti, na Baba Zawadi mtaani. Chagua la pasipoti.
- Simu yenye uwezo wa kurekodi.
- Chumba kimoja kisicho na televisheni, jogoo wala watoto, angalau kwa saa moja.
- Mtu wa kuzungumza naye ambaye hamkuzoeana sana. Rafiki wa damu anakuelewa kabla hujamaliza, na hilo litakuharibia mazoezi.
- Wiki nne, nusu saa kila siku.

Huhitaji kitabu cha sarufi. Huhitaji kamusi. Hutaulizwa "neno hili liko ngeli gani", hutaulizwa tamathali za semi, na hakuna atakayekutaka uchambue tamthilia.

Hatua kwa hatua

1. Uliza ngazi kabla hujalipa

Mwandikie aliyekutuma: anataka OPI rasmi au tathmini ya ushauri inayofanywa na mwalimu aliyepata mafunzo ndani ya chuo? Anataka ngazi gani? Mwisho lini? Majimbo mengi ya Marekani huwataka walimu wa lugha wafikie Stadi ya chini au zaidi, lakini kila jimbo lina sheria yake, na chuo kinaweza kudai zaidi ya jimbo. Nimeona mtu akilipia mtihani rasmi kwa fedha ya mkopo, kumbe idara yake ilitaka tathmini ya ushauri tu. Uliza pia kama taasisi ndiyo itakayokuandikisha au utajiandikisha mwenyewe LTI.

2. Jirekodi kabla hujajifunza chochote

Jifungie chumbani, washa simu, jibu maswali haya matatu bila kuandika pembeni: Nieleze mtaa uliokulia. Nisimulie safari iliyokuharibikia. Je, watoto wa shule waruhusiwe kuwa na simu, na kwa nini? Kila swali lipe dakika tano.

Sasa sikiliza ukiwa na kalamu. Weka alama kila palipoingia neno la Kiingereza au Kifaransa. Weka alama nyingine kila uliponyamaza ukidhani umemaliza. Ukigundua lile swali la simu umelijibu kwa dakika moja na nusu na zilizobaki umezijaza kwa "yaani" na "kwa hiyo ndiyo hivyo", umeshajua pa kuanzia. Usiifute rekodi hiyo. Utairudia wiki ya nne.

3. Jenga aya, acha kutoa sentensi

Hapa ndipo wengi wanapopoteza, na hapa ndipo nitakaa kidogo.

Tuseme mtahini ameuliza: "Umesema ulisafiri kwa treni hadi Kigoma. Safari ilikuwaje?" Jibu la wengi ni "Ilikuwa nzuri, ila ilichosha kidogo." Ni Kiswahili safi, hakina kosa, na hakimsaidii. Kwa sentensi hiyo mtahini hawezi kukutofautisha na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo cha Marekani.

Jibu la Stadi linakwenda hivi:

"Tuliondoka Dar es Salaam jioni, behewa likiwa limejaa hadi watu wamekalia mizigo yao. Tulipofika Tabora injini ikagoma. Tukashuka, tukakaa chini ya miembe, na akina mama wa pale wakaanza kutuuzia mihogo ya kuchemsha kana kwamba walijua tangu asubuhi kuwa tutakwama. Nilikuwa na mtoto mgonjwa, kwa hiyo kila dakika niliiona kama saa. Injini nyingine ilipoletwa usiku wa manane hakuna aliyeshangilia, maana wengi tulikuwa tumeshalala."

Tazama vitenzi. Kuna *-li-* ya kuanzia, *-ka-* ya kusukuma mambo mbele, *-po-* ya kufunga tukio moja na jingine, *likiwa limejaa* na *tulikuwa tumeshalala* za kuonyesha hali iliyokuwapo nyuma ya tukio. Mzawa anazo zote bila kufundishwa. Shida ni kwamba kwenye simu na mtu asiyemjua hazitumii, kwa sababu hasimulii.

Zoezi: kila siku simulia tukio moja kwa dakika tatu. Lililopita leo, linalotokea kila Jumapili nyumbani kwenu, utakalofanya ukifika ugenini. Nyakati zote tatu, kila moja kwa aya. Usimulie kama msikilizaji hajawahi kufika Afrika Mashariki. "Tulipanda daladala" haitoshi. Eleza daladala ni gari la namna gani, konda anafanya nini, nauli inadaiwaje.

Onyo: usiandike hadithi ukaikariri. Mtahini amesikia mamia ya watu. Sauti ya mtu anayesoma kichwani anaijua, na akiisikia atakukatiza kwa swali ambalo hadithi yako haikulitegemea.

4. Panda kutoka kwako hadi kwa watu wote

Mtahini hachomoi mada hewani. Anazitoa kwenye yale uliyosema mwenyewe mwanzoni. Ukisema unafundisha sekondari Iringa, usishangae dakika ya kumi na mbili akiuliza: "Shule za msingi za serikali Tanzania zinafundisha kwa Kiswahili, sekondari zinafundisha kwa Kiingereza. Unadhani utaratibu huo unawasaidia au unawaumiza vijana?" Hapo umepandishwa ngazi. Hilo ni swali la Mahiri.

Kosa la kawaida la wazawa ni kushuka tena: "Kwa kweli mimi nilipoingia kidato cha kwanza nilipata shida sana, mwalimu wetu wa hesabu alikuwa..." Unasimulia vizuri, lakini umeulizwa suala la nchi nzima, ukajibu la dawati lako. Mtahini atajaribu tena kwa swali jingine la aina hiyo. Ukishuka tena, na mara ya tatu ukashuka, ataandika kwamba dari lako liko hapo.

Jizoeze kwa mpangilio huu wa akina mzee wa baraza: taja msimamo wako, toa sababu mbili na kila moja uipe mfano, taja hoja ya mpinzani wako kwa haki, kisha mjibu. Mfano wako binafsi unaruhusiwa, uwe sentensi moja ndani ya hoja, halafu urudi juu. Wala usihangaike kama msimamo wako ni wa chama tawala au upinzani. Kinachopimwa ni lugha. Unaweza kutetea jambo usiloliamini na ukapata Mahiri.

Mada za kujipimia: mitandao ya kijamii na malezi, ushuru na wafanyabiashara wadogo, wageni na ardhi ya pwani, dawa za asili na hospitali, vijana kukimbilia mjini. Ukiweza kuongea dakika nne juu ya mada usiyoipenda, uko vizuri.

5. Ipe *-nge-* nafasi yake

Mtahini akitaka kujua kama wewe ni Mahiri kweli, atakutaka ukisie: "Ikiwa vyuo vikuu vyote Afrika Mashariki vingeamua kufundisha kwa Kiswahili kuanzia mwakani, nini kingebadilika?" Wengi hujibu "Itakuwa vizuri sana" na kuishia hapo.

Anachotaka ni mnyororo. "Vyuo vingeanza kuhangaika na vitabu, kwa sababu vilivyopo havitoshi. Wachapishaji wangepata soko jipya, ila wangelazimika kuajiri watafsiri wengi kwa haraka, na ubora ungeshuka mwanzoni. Wanafunzi kutoka nchi ambazo Kiswahili si lugha ya shule wangejikuta nyuma, mpaka vyuo vingewaandalia mwaka wa matayarisho." Tokeo moja linazaa jingine.

Angalia pande zote mbili za sentensi zibebe *-nge-*. "Kama ningekuwa na uwezo nitajenga shule" tunaisema mitaani kila siku, na mtaani haina neno. Kwenye mahojiano inaonekana kama ufa. "Kama ningekuwa na uwezo ningejenga shule." Ukipenda *-ngali-*, itumie pande zote mbili vilevile. Rekodi yako ya kwanza itakuambia kama una ugonjwa huu.

6. Safisha ulimi, ila usiuoshe mpaka ukatoka damu

Maneno ya Kiingereza yanayotuponyoka ni madogo madogo: *so*, *actually*, *like*, *ni-manage*, *nika-realize*. Kila moja peke yake ni kitu kidogo, lakini yakiwa mengi mtahini anaanza kujiuliza kama neno la Kiswahili unalo. Tafuta matano unayoyatumia zaidi kwenye rekodi yako na uyatafutie mbadala ambao kweli utautumia. "Nikagundua." "Nikafanikiwa." "Kwa kweli."

Wakenya, angalieni upatanisho: "vitu zangu" na "watoto yangu" hupita vizuri Nairobi, na ukiulizwa rasmi unajua ni "vitu vyangu", "watoto wangu". Isipokuwa ukichangamka, inarudi. Wenzetu wa Bukavu na Lubumbashi hunikuta na hofu nyingine, kwamba lafudhi yao itawaangusha. Lafudhi si kosa. Jiulize tu kama mtu wa Tanga na mtu wa Kisumu wangekuelewa bila kukurudisha nyuma. Maneno ya kwenu ambayo hawangeyaelewa, yafafanue palepale kama ungemfafanulia mgeni. Sheng iache mlangoni.

Kuna na upande wa pili wa ugonjwa huu, na huwapata walimu zaidi. Mtu anaingia na *ngamizi* na *kishikwambi* mfukoni kama risasi. Sema kompyuta na tableti. Hakuna alama za ziada kwa neno gumu, na ukilitamka halafu ukaulizwa maana yake, umejifungia mwenyewe. Methali vilevile: moja mahali pake inapendeza, lakini kuna watu hujibu swali la uchumi kwa "haraka haraka haina baraka" na kunyamaza kama kadhi aliyetoa hukumu. Methali haijabeba hoja. Baada yake lazima useme kitu.

7. Fanya igizo, usilieleze

Katikati ya mahojiano unaweza kuombwa kuigiza. Umepanga chumba Mwanza, umelipa kodi ya miezi sita, umefika na mizigo, ukakuta mtu mwingine ameshahamia. Mtahini ni mwenye nyumba. Zungumza naye.

Kosa ambalo nimelisikia mara nyingi kuliko yote: "Ningemwambia kwamba mimi nimeshalipa, halafu ningemwomba anirudishie..." Hapana. Mtahini ameshakuwa mwenye nyumba, yuko mbele yako. "Shikamoo mzee. Mimi ndiye niliyekutumia kodi mwezi uliopita, na risiti ninayo hapa. Sasa nimekuta mlango wazi na kitanda cha mtu ndani. Tunafanyaje?" Naye atakuzungusha, atakuambia hela ameshazitumia, atakupa chumba kibaya zaidi. Usikubali haraka ili muishe. Jadiliana, pendekeza, toa sharti, kataa kwa heshima. Kukubali upesi kwa sababu ya aibu kunafupisha igizo, na umenyimwa nafasi ya kuonyesha ulichonacho.

Mwombe yule mtu wako wa mazoezi akupe matatizo ya namna hii matatu kwa wiki, bila kukuambia mapema.

8. Watafute wenzako

Wiki ya tatu unahitaji mtu anayejua mahojiano yanavyokwenda. Vyama ndipo vinapokufaa, na kila kimoja kina kazi yake.

CHAUKIDU, Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani, ndiyo baraza la walimu na wapenzi wa Kiswahili walioko nje na ndani ya Afrika Mashariki. Humo utampata mtu aliyepitia OPI ya Kiswahili hasa, na utamuuliza kwa Kiswahili. ALTA ni chama cha walimu wa lugha za Kiafrika Marekani. Humo unakaa meza moja na mwalimu wa Kiyoruba, wa Kizulu na wa Kihausa, na utashangaa shida zenu zinavyofanana. NCOLCTL ni mwavuli wa lugha zisizofundishwa sana, kuanzia Kiswahili hadi Kituruki. ACTFL yenyewe ni bahari. Kongamano lake la Novemba lina maelfu ya watu, na mgeni akienda peke yake anarudi na mifuko ya kalamu na kichwa kinachouma. Anza na vile vidogo. Katika Chuo Kikuu cha Indiana kuna pia NALRC, kituo cha taifa cha rasilimali za lugha za Kiafrika, chenye vifaa vya kufundishia na mafunzo kwa walimu.

Usijiunge na vyote mwaka wa kwanza. Ada zinaongezeka, na ukipata kimoja ambacho watu wake wanajibu barua pepe, kinatosha.

Mwombe utakayempata akufanyie mahojiano ya majaribio ya dakika 25, akurekodi, halafu akuambie jambo moja tu: ni wapi ulikwama? Alama usimdai. Kama hana cheti cha kutahini, alama yake ni maoni. Kama anacho, ana sababu za kutoitoa ovyo.

9. Siku yenyewe

Kunywa maji, nenda haja, zima simu nyingine. Mtihani rasmi huwa na msimamizi wa kuhakiki kitambulisho, awe ofisini au kupitia kamera, kwa hiyo fika mapema. Hakikisha saa mliyokubaliana ni ya eneo gani. Saa tatu ya kwetu na saa tatu ya New York zimeshawakosesha watu mtihani, na hapo bado hatujaingiza mkanganyiko wa saa za Kiswahili.

Mahojiano huanza kwa mazungumzo mepesi. Salimia kama unavyosalimia watu, shikamoo ikihitajika, lakini habari ya asubuhi isichukue dakika nne. Hapa unaulizwa kazi, familia, unakoishi. Jua kwamba kila unachokitaja ni mbegu ya swali la baadaye. Usijisifu kwa uvuvi kama hujui ngalawa.

Kisha maswali yatapanda. Yakishuka ghafla halafu yakapanda tena, usitafute maana. Mtahini anatafuta mambo mawili: sakafu, yaani unachokimudu bila kuyumba, na dari, yaani mahali unapoanza kuteleza. Hawezi kulijua dari bila kukugusisha kichwa. Kwa hiyo swali likiwa gumu mno, chukulia kwamba umefika mbali. Jaribu. Sema "Sijawahi kulifikiria hilo, lakini nadhani..." na uendelee. "Sijui" tupu ni mlango uliofunga mwenyewe.

Mada ikikugusa vibaya, msiba au vita vilivyokukimbiza nyumbani, una ruhusa kuomba mada nyingine. Sema hivyo kwa maneno mawili na mtahini ataihama. Wakimbizi wengi hawalijui hili, wanalia kwenye simu.

Mwishoni swali litarudi kuwa jepesi, "jioni hii utafanya nini?", ili uondoke moyo ukiwa umetulia. Hiyo ndiyo dalili kwamba mmemaliza. Usianze hapo kutoa hotuba uliyoisahau.

Mambo yakienda kombo

*Simu imekatika katikati.* Usipige ovyo. Subiri pale pale ulipo, mwambie msimamizi, andika saa ilipokatika. Ikishindikana kurudi, wasiliana na LTI siku hiyo hiyo, siyo wiki ijayo.

*Simwelewi mtahini.* Anaweza kuwa wa Zanzibar na wewe wa Goma. Mwambie arudie au aseme kwa namna nyingine. Kuomba ufafanuzi kwa Kiswahili kizuri ni sehemu ya umilisi. Kujibu swali usilolielewa ndiko kunakokuharibia.

*Nilijibu mafupi, nimekumbuka dakika ya kumi.* Bado hujachelewa. Swali linalofuata lijibu kwa aya. Unaweza hata kurudi nyuma: "Kuhusu lile la machinga, niongeze jambo."

*Matokeo yamekuja na herufi UR.* Maana yake sampuli ya mazungumzo haikuweza kupimwa, pengine kwa sababu ya sauti mbovu au kutopatikana kwa maneno ya kutosha. Hukufeli, ila huna alama. Uliza sababu kwa maandishi kabla ya kujiandikisha tena.

*Nimepata Stadi ya katikati, nilitaka Mahiri.* Soma kwanza kile ulichotakiwa kufikia. Huenda umeshavuka na unalia bure. Kama hukuvuka, usikimbilie kurudia keshoye: kuna muda wa kusubiri kati ya mtihani na mtihani, usome kwenye kanuni za mwaka huo. Mazoezi ya hatua ya 4 na ya 5 ndiyo yatakayokupandisha kutoka hapo. Kusoma msamiati hakutakupandisha. Ukiamini kabisa kwamba umeonewa, uliza utaratibu wa kuomba mapitio.

*Chuo kinataka kipimo cha Ulaya, A1 hadi C2.* Ni ngazi nyingine, ya Baraza la Ulaya, na imetoka mwaka 2001. Usijitafsirie mwenyewe kwamba Mahiri ni C fulani ukaandika kwenye maombi. Waulize wanapokea nini.

*Nimepita, na sasa nataka kuwa mtahini.* Vizuri, tunahitaji Waswahili zaidi upande ule wa simu. Utahudhuria warsha ya ACTFL ya siku kadhaa, kisha utafanya mahojiano ya mazoezi na ya mtihani ambayo wakaguzi watayasikiliza na kuyakosoa, na Kiswahili chako mwenyewe kiwe kimeshapimwa kuwa Mahiri. Jiandae kukosolewa namna unavyouliza, siyo namna unavyoongea. Mara ya kwanza nilipoisikiliza rekodi yangu nikiwa upande wa muulizaji, niligundua kwamba kila mtahiniwa alipovuta pumzi, mimi nilikuwa nimeshammalizia sentensi.